Mtumishi Anapohamishwa, Mbwa Anabaki na Nani?

Uhamisho ni sehemu ya kazi ya umma. Barua hufika, lori hukodiwa, vitanda na magodoro hupakiwa, kuku hufungwa miguu na kutiwa katika tenga, na mwalimu aliyekaa miaka minne Tutuo au Kitunda huanza safari ya kwenda kituo kipya. Katika nyumba aliyoiacha hubaki vitu vichache visivyostahili nauli: kopo lililotoboka, mkeka uliochakaa, na mara nyingi mno, mbwa. Kwa siku mbili tatu mbwa huyo hulala mlangoni akimngoja bwana wake. Baadaye njaa humwinua. Huanza kuzunguka majikoni mwa majirani, kisha katika uwanja wa shule, kisha machinjioni. Na baada ya mwezi mmoja kitongoji kizima humwita mbwa koko, kana kwamba alizaliwa porini na hakupata kamwe kuwa na mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba wilaya kama Sikonge, yenye masuala ya bei ya tumbaku, maji ya visima na uhaba wa madawati, haina nafasi ya kujadili mbwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mbwa aliyeachwa angekuwa hasara kwa nafsi yake peke yake. Lakini sivyo. Mbwa asiye na mtu wa kumpeleka kwenye chanjo, wala wa kumfungia anapougua, ndiye anayekutana na mtoto wa darasa la pili akienda shule alfajiri. Na mtoto akishaumwa na mbwa mwenye kichaa, na ugonjwa ukaanza kumwonyesha dalili, hakuna daktari wa Sikonge, wa Tabora wala wa ng'ambo atakayemrudisha. Kwa hiyo suala la mbwa wa mtumishi ni suala la umma, na lafaa lizungumzwe na watumishi wenyewe.

Kwanza yafaa afahamike mnyama anayezungumzwa. Mbwa wa Sikonge ni mdogo. Wengi wao hawafiki uzito wa mbuzi jike mzima. Manyoya yake ni mafupi na yamelala, rangi ya udongo, nyeusi, nyeupe, au mabaka ya hizo zote. Kifua chake ni chembamba, miguu mirefu kulingana na kiwiliwili, mkia mara nyingi umepinda juu, na masikio hayana msimamo mmoja: mengine husimama, mengine huanguka nusu. Hula kidogo na hustahimili jua. Hulala usingizi mwepesi, na hubweka kwa sababu. Mwenye nyumba aliyemzoea huweza kutofautisha sauti ya mbwa anayempokea jirani na ile ya mbwa aliyemwona fisi. Mchana hufukuza ngedere na nyani katika shamba la mahindi. Usiku hulinda kuku na mbuzi. Na mrina asali anapokwenda kukagua mizinga yake katika miombo, mbwa hutangulia mbele hatua ishirini na kurudi, akitangulia tena na kurudi, bila ya kuamrishwa. Kwa watoto ni mwenzi wa kudumu. Anavumilia kuvutwa mkia na kulaliwa mgongoni kuliko inavyopasa, ingawa uvumilivu huo una mpaka wake, hasa anapokula au jike anapolea.

Mnyama huyu mwenye faida nyingi kiasi hiki hana jina la heshima. Huitwa mbwa shenzi. Neno hilo lina historia yake, na historia hiyo inapita katika ardhi ya Tabora. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, wafanyabiashara wa pwani walijiita waungwana na kuwaita watu wa bara washenzi. Mnyamwezi aliyebeba jino la ndovu begani kwa muda wa miezi, ambaye wazee wake walikuwa wakiongoza misafara yao wenyewe kwenda pwani, alihesabiwa kuwa mshenzi na mtu aliyekaa kivulini akimngoja. Walowezi wa Kizungu walipokuja baadaye Kenya na Tanganyika waliliokota neno hilo na kulitia katika lugha yao, wakaliambatanisha na kila kitu cha mwenyeji ambacho hakikuwapendeza, pamoja na mbwa wake. Bendera za wakoloni zimekwisha kuteremshwa. Neno limebaki, na anayelitumia leo kumtukana mbwa aliyelala kwenye uchochoro wa Sikonge pengine hajui kwamba babu yake mwenyewe aliitwa hivyo hivyo.

Kuna kisa kimoja cha mbwa katika safari za wakati huo ambacho kingefaa kukumbukwa na kila mtumishi anayepakia mizigo. David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora kwa miezi kadhaa mwaka 1872, na ambaye tembe yake huko imehifadhiwa kama makumbusho, alikuwa hapo awali na mbwa mdogo wa aina ya pudo, jina lake Chitane. Mbwa huyo alikuwa na desturi ya kukagua msafara: hukimbia mbele kumwona wa kwanza, kisha hurudi nyuma kumbwekea wa mwisho asichelewe. Livingstone alimsifu sana katika shajara yake, na kwa kufanya hivyo aliwashusha mbwa wa kienyeji, akidai kwamba mia yao hawafikii ujasiri wa mmoja huyo. Januari 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, msafara ulivuka maji mapana yaliyofika kiunoni. Livingstone alitangulia kuvuka akasahau kutoa amri yoyote kuhusu mbwa. Kila mpagazi alikuwa akishughulika na mzigo wake na mashimo chini ya miguu yake. Chitane aliogelea katikati yao mpaka akafa. Methali husema mbwa hafi maji akiona ufuko, huyu hakuuona. Kilichomwua si maji peke yake, bali ni kwamba siku ya safari hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa kumwangalia, na bwana aliyempenda ndiye aliyesahau.

Dharau aliyoionyesha msafiri yule kwa mbwa wa nchi ingali hai, na imepata vazi jipya. Afisa akitoka Dar es Salaam siku hizi huja na mbwa mdogo chotara, mwenye manyoya marefu meupe na pua fupi, aliyenunuliwa kwa bei ambayo ingemtosha mwalimu kununua baiskeli. Hapana kosa katika kumpenda mbwa wa namna hiyo. Lakini mtu anayemleta Sikonge ajue analoleta. Mbwa hana jasho la kumpoza mwilini. Hujipoza kwa kuhema, na mwenye pua fupi huhema kwa taabu. Katika Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijafika, mbwa kama huyo akifungwa kwenye banda la bati saa saba mchana anaweza kufa siku hiyo hiyo. Manyoya yake marefu huficha kupe, hushika miiba ya porini na huvunda wakati wa masika. Hayana budi kuchanwa kila siku, au kukatwa mafupi na kusahau mapambo. Dadu la kupamba sebule haliwezi kuwa kiumbe hai.

Ama kuhusu huyo anayeitwa shenzi, elimu ya kisasa imetoa jibu ambalo lingewashangaza walowezi. Mwaka 2009 wataalamu wa chembe za urithi walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mbwa zaidi ya 300 wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia. Ilionekana kwamba mbwa wa vijiji vya Uganda, jirani wa Tanzania kabisa, kwa sehemu kubwa mno hawana damu ya mbwa wa Ulaya. Maana yake ni kwamba mbwa wa kijijini siye masalia ya mchanganyiko wa mbwa wa wageni, kama ilivyodhaniwa. Ni ukoo wa kale wenye asili yake, uliochujwa kwa njaa, joto na maradhi ya nchi hizi kwa vizazi vingi. Mbwa wengi wa fahari wanaouzwa mijini walitengenezwa kwa kupandishwa kwa makusudi katika karne mbili hivi zilizopita. Katika wilaya iliyo kwenye njia ya misafara, ambako watu na wanyama wa kila upande walipita, huenda damu ya hapa na pale ikaonekana. Lakini anayemdharau mbwa wa Sikonge kwa kukosa asili amekosea mlango.

Hata hivyo ukale wa ukoo haumlishi mbwa. Kosa la pili, linalofanywa na watu wenye nia njema, ni kudhani kwamba kwa kuwa mbwa wa kienyeji ni mgumu, basi hahitaji matunzo. Wengi wa mbwa wa vijijini hawafikishi umri wa miaka mitano, na wengi wa watoto wao hufa kabla ya mwaka mmoja. Huo si ugumu. Ni vifo vya mfululizo ambavyo hufunikwa na uzazi wa mfululizo, na anayetazama kutoka mbali huona mbwa wale wale kila siku asijue kwamba ni wengine.

Matunzo yenyewe si ya kitajiri. Mbwa wa nyumba ya mwalimu anaweza kuishi kwa ugali, na uwezo wake wa kusaga wanga tumboni ni mkubwa kuliko wa mbwa mwitu wa Ulaya, jambo lililothibitishwa mwaka 2013. Ni alama ya maelfu ya miaka ya kula makombo ya mkulima. Lakini ugali mtupu hautoshi. Dagaa wa Kigoma wanaoletwa Tabora kwa treni, vichwa vyao na unga wao uliobaki chini ya gunia, ukichanganywa katika ugali usiotiwa vitunguu, ni chakula kizuri. Vitunguu humdhuru damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vigae na kumchoma utumbo. Matumbo mabichi kutoka machinjioni yasitupwe kwake, kwa kuwa ndiyo njia ya minyoo ambayo baadaye humrudia binadamu, hasa mtoto anayecheza mchangani na kula bila ya kunawa. Maji yawe mahali pamoja, kivulini, kila siku. Wakati wa kiangazi ndoo ya maji ina bei katika vitongoji vingi vya wilaya, na wa mwisho kukumbukwa huwa mbwa.

Kupe na viroboto vinahitaji dawa iliyokusudiwa mbwa. Hapa pana onyo ambalo wakazi wa nchi ya tumbaku hawana budi kulisikia: dawa ya kupulizia mazao haiogeshwi mbwa, wala mafuta ya taa hayapakwi mwilini mwake. Mbwa hujilamba, na kinachowekwa juu ya ngozi asubuhi kimo tumboni jioni. Vivyo hivyo funza, au tekenya, mdudu ambaye mwenyewe ni mgeni katika bara hili. Aliingizwa Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, na katika muda usiofika miaka thelathini alikwisha kuvuka bara mpaka mwambao wa mashariki, akisafiri katika nyayo za wapagazi. Mbwa humhifadhi. Mwalimu anayewakagua wanafunzi miguu kila Jumatatu angefanya kazi nusu kama hajaangalia nyayo za mbwa wanaolala katika vumbi la nyumba hizo hizo.

Lililo gumu zaidi katika Sikonge ni mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita. Miombo ya magharibi ni makao yake ya tangu zamani. Malale ya binadamu na nagana ya mifugo yamekwisha kuhamisha vijiji vizima katika nchi hii wakati wa utawala wa Waingereza. Kinachosahauliwa ni kwamba mbwa naye huugua, na huugua vibaya. Homa humshika, hukonda hali anakula, uso huvimba, na macho huingia ukungu mweupe kama maziwa. Mwenye mbwa husema amerogwa au amezeeka, humwacha afe. Ugonjwa huo ukiwahiwa una tiba. Lakini dawa inayotumika kwa ng'ombe humdhuru mbwa ikizidi kidogo tu, kwa hiyo kipimo si cha kukisiwa kwa macho wala cha kuombwa kwa mfugaji anayepita njia. Ni kazi ya afisa mifugo.

Yote hayo yanaweza kuitwa mapenzi ya mtu na mbwa wake, na atakaye apende. Kichaa cha mbwa hakimo katika fungu hilo. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na karibu wote katika Asia na Afrika. Kwa Tanzania, hesabu iliyochapishwa mwaka 2002 ilikisia vifo 1,500 hivi kwa mwaka, idadi iliyozidi kwa mbali sana ile iliyokuwa ikiandikwa katika vitabu vya hospitali. Tofauti hiyo ina sababu inayoeleweka na mtu yeyote aliyefanya kazi kijijini: mgonjwa hufa nyumbani. Watu wanne katika kila kumi wanaokufa kwa ugonjwa huu ni watoto wasiofika miaka kumi na mitano. Ni wanafunzi.

Ajabu yake ni kwamba huu si ugonjwa unaongoja uvumbuzi. Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimkinga kwa sindano Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Tangu siku hiyo dunia imejua la kufanya. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, na zikahesabiwe kwa saa, kwa kuwa dakika 15 za kukisia huwa tatu. Kisha aliyeumwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, aanze sindano na kuzimaliza zote kwa tarehe alizopewa, hata kama kidonda kimekauka. Jiwe la nyoka, pilipili na majivu havijamwokoa mtu. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kukamatwa bila ya hatari, afungiwe na kutazamwa kwa siku 10. Akiwa mzima mpaka siku hizo zipite, basi hakuwa na ugonjwa huo mateni alipouma. Ndiyo maana kumwua papo hapo na kumtupa kichakani huwanyima waganga habari waliyoihitaji.

Kwa mkazi wa Kitunda au Kipili, vijiji vilivyo kusini kabisa, hospitali si jirani. Sindano za binadamu zina gharama, na dozi si moja. Mzazi anauza mbuzi, anakopa nauli, anakatisha siku za shamba. Gharama ya kumchanja mbwa mmoja ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Wataalamu wamekubaliana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa na kampeni ikarudiwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Katika kisiwa cha Pemba chanjo za namna hiyo ziliukatiza mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingizwa tena, chanjo zikarudiwa, na kufikia mwishoni mwa 2018 ukawa umekwisha kukomeshwa kwa mara ya pili. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa kikomo cha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Mwaka huo si mbali.

Lakini 70 kati ya 100 hao watatoka wapi, ikiwa kila mtu anaamini kwamba mbwa wanaozurura hawana wenyewe? Hapa ndipo imani ya mitaani na ukweli vinapoachana. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania umeonyesha kwamba mbwa walio wengi sana wana nyumba zao. Wanazurura kwa sababu hawafungwi. Siku ya chanjo ikitangazwa vizuri, na kituo kikiwa karibu, watu huwaleta, na mara nyingi anayemvuta mbwa kwa kamba ni mtoto wa shule. Watoto wa mbwa nao waletwe. Kuna desturi ya kuwaacha nyumbani eti hawajafika umri, ilhali ndio sehemu kubwa ya mbwa wote wa kijiji, na mwaka ufuatao ndio watakaokuwa wakiuma.

Wapo viongozi ambao kila likitokea tukio la mbwa kuuma watu huona dawa ni moja: risasi au sumu. Hatua hiyo huonekana ya nguvu na hupigiwa makofi. Haijapata kuukomesha ugonjwa. Mbwa waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa. Wenye mbwa huwaficha au kuwahamishia kijiji cha pili, pamoja na kichaa kama wanacho. Na nafasi iliyoachwa hujazwa katika msimu mmoja na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Zaidi ya hayo sumu haichagui. Kilichowekwa kwa ajili ya mbwa huliwa na kuku, na kuku huliwa na watu. Idadi ya mbwa hupunguzwa kwa kuwahasi madume na kuwafunga majike kizazi, kazi inayofanywa na mganga wa mifugo, na kwa kutokubali kupokea mbwa wa bure kwa sababu tu ametolewa bure. Jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tisa hivi. Nyumba moja isiyojali inaweza kukijaza kitongoji.

Sikonge ina sababu nyingine ya kuwa na mbwa waliochanjwa, nayo ni pori lake. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliwaua simba wapatao 1,000 katika Serengeti, theluthi moja ya simba wote wa huko, na wataalamu wakaunasibisha na mbwa wa vijiji vya pembezoni. Vijiji vinavyotunza hifadhi ya jamii ya Ipole, na vile vinavyopakana na mapori ya Ugalla, vinategemea kupata kitu kutokana na wanyamapori. Mbwa mgonjwa anayefuatana na mrina asali huingia porini bila ya kibali.

Katika mkoa wenye Waislamu wengi haitakuwa haki kupita bila ya kuligusa suala la dini, ambalo baadhi ya watu hulitumia kuhalalisha mateso. Mafundisho ya madhehebu ya Shafi yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na yameeleza namna ya kujitwaharisha. Mafundisho hayo hayo yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, ambazo ndizo kazi za mbwa wa Sikonge hasa. Na kila aliyekaa madrasa amesikia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kutomgusa mbwa ni jambo moja. Kumpiga mawe au kumnyima maji ni jingine, na halina fatwa.

Basi inabaki habari ya nyumba za serikali. Mtumishi ni mtu wa kupita, lakini mfano wake haupiti. Wanakijiji humtazama mwalimu anavyochimba choo, anavyochemsha maji, anavyowapeleka watoto wake kliniki. Na humtazama pia anavyomwacha mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inampa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza, na wajibu huo haufutwi na barua ya uhamisho. Aliye na uwezo amsafirishe. Mbwa mdogo aliyetiwa katika kikapu kikubwa chenye hewa, aliyenyimwa chakula kizito asubuhi ya safari na kupewa maji njiani, husafiri kutoka Sikonge hadi Tabora, na mbele zaidi, bila ya kumsumbua mtu. Asiye na uwezo amkabidhi, na kukabidhi si kumwambia jirani juu ya lori, "Utamwangalia huyo." Ni kumtafuta mtu anayemtaka, kumzoesha kwa wiki mbili tatu ale kwake na alale kwake, kumpa kadi ya chanjo mkononi, na kumjulisha balozi wa nyumba kumi kwamba mbwa fulani sasa ni wa fulani. Kama hakuna anayemtaka kabisa, afisa mifugo aitwe kabla ya lori kufika, si baada ya mbwa kuuma.

Wakuu wa shule na wa idara wangeweza kulirahisisha jambo hili pasipo kungoja waraka kutoka juu. Kila nyumba ya serikali inapokabidhiwa huandikwa hati. Humo huhesabiwa milango, vitasa, vioo vya madirisha, masinki na mabomba. Afisa akiacha kioo kilichovunjika huulizwa. Mstari mmoja ukiongezwa chini ya mabomba, wa kuuliza kama nyumba ilikuwa na mbwa, kama amechanjwa na tarehe ipi, na amechukuliwa na nani, karatasi haitajaa. Tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huangukia mwishoni mwa kiangazi, wakati njia za kwenda Kitunda zingali zinapitika. Shule zingeweza kuwa vituo vya chanjo siku hiyo, na daftari la mbwa wa kijiji likaandikwa na wanafunzi wa madarasa ya juu, jina la mwenye mbwa likitangulia na la mbwa likifuata.